Chui wa Shemeji na Bunduki ya Nyati

Shemeji yangu anauza magodoro. Nalisema hili mwanzo kwa sababu yeye mwenyewe hulisema mwisho, tena mpaka aulizwe mara mbili. Ukimkuta mahali asipojulikana atakwambia ni mwindaji, na akiona umevaa vizuri ataongeza kwamba ni mwindaji wa siku nyingi. Duka lake liko barabara ya soko, katikati ya muuza rangi na fundi viatu. Magodoro yamesimamishwa ukutani mpaka darini, bado yamo kwenye nailoni zake, na juu ya kaunta pametundikwa pembe za kulungu ambazo alizinunua. Najua alizinunua kwa sababu aliyemuuzia ni mteja wangu.

Mimi ni fundi bunduki. Kazi alinifundisha marehemu mume wangu, na alipoondoka nikabaki na karakana, jiliwa la kubania mitutu, makopo ya mafuta, na mlango wa chuma wenye kufuli mbili ambazo askari huja kuzikagua kila wanapokosa la kufanya. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeolewa na muuza magodoro. Tumezaliwa wawili tu tumbo moja, na miaka yote hii namtazama shemeji huyu na kujiuliza dada aliona nini. Siku moja nilimuuliza. Akanijibu, "Alikuwa anachekesha." Basi bado anachekesha, ila siku hizi yeye mwenyewe hana habari.

Watu wa huku wanawinda wanyama wa kati: swala, ngiri, kulungu, basi. Nyati hatumjui ila kwa picha. Mtu akija karakana kuniuliza achukue bunduki ya kaliba gani, yaani yenye mtutu wa upana gani na risasi ya ukubwa gani, mimi simuulizi habari za swala. Swala namjua. Kifua chake, pale penye moyo na mapafu, ni sawa na sahani ya kulia wali, na risasi ya milimita saba ikiingia hapo inatokea upande wa pili na mnyama anakwenda hatua chache analala. Ninayemuulizia ni yeye mwenyewe. Bega lako likoje? Unavaa miwani? Umewahi kufumba macho mlio ukiwa bado haujalia? Hapo wanaume hununa. Wao wamekuja kununua sifa, na mimi nawauliza habari za bega.

Kwa maana mnyama hajui amepigwa na kaliba gani. Anachojua ni amepigwa wapi. Wajinga husema risasi kubwa inaharibu nyama, na hilo nalo si kweli sana. Nyama inaharibiwa na mtu aliyeogopa teke la bunduki yake mwenyewe, yaani inavyomrudi begani, akafumba macho, akampiga mnyama tumboni. Ukipasua mnyama wa namna hiyo utaziba pua. Shemeji yangu ametuletea wa namna hiyo misimu mingi, na dada alikuwa akiwaosha kwa maji na chumvi na ndimu huku akisema labda ni majani waliyokula.

Bunduki yake aliichagua wakati mtoto wao wa kwanza bado ananyonya. Nilikuwapo. Marehemu mume wangu alimtolea ile ya milimita saba, akamwekea mezani juu ya kitambaa. Shemeji akaishika, akaiweka begani, akaipenda. Nilimwona uso ukilainika. Kwa bahati mbaya akaingia mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, mwembamba, amekuja kuchukua risasi zake. Shemeji akaona boksi limeandikwa milimita saba. Akaiweka bunduki chini utadhani imemwunguza.

"Kumbe hii ndiyo anayotumia yule mama?"

"Ndiyo hiyo," mume wangu akasema. "Na hajarudi mikono mitupu hata msimu mmoja."

"Basi nipe ya kiume."

Akaoneshwa ile ya kaliba mia tatu sabini na tano, karibu milimita kumi, iliyokuwa imeachwa pale na mgeni aliyekuwa akiwinda nchi nyingine. Nzito, mtutu mnene, darubini juu yake ndefu kama chupa. Mume wangu akamwambia kwa upole, maana alikuwa mtu mpole kuliko mimi, "Ndugu yangu, hii ni ya nyati."

"Anayeweza nyati atashindwa na swala?"

"Swala hatakushinda. Bunduki ndiyo itakushinda. Ina teke. Na jicho liweke mbali na darubini, upana wa kiganja, usisahau."

"Mimi si mtoto," akasema shemeji, na akaondoka nayo.

Msimu ule wawindaji walipiga kambi karibu na mto, na dada alikwenda kuwapikia, mtoto mgongoni. Kibanda cha mabati walimolala yeye na mtoto kilikuwa nyuma ya jiko. Asubuhi ya kwanza shemeji alitangulia peke yake ili asiwe na wa kumfundisha. Wakasikia mlio mmoja, mzito, ndege wakaruka. Kisha akarudi bila bunduki, damu imetoka juu ya jicho la kulia mpaka kifuani, anapepesuka, na neno lake la kwanza lilikuwa "Chui."

Wenzake wakachukua silaha wakaenda kutafuta. Walikuta nyayo za ngiri, na nyayo za muuza magodoro aliyekuwa anakimbia. Bunduki waliikuta chini ya kichaka wakamletea. Baadaye ikaletwa karakana kusafishwa, na aliyeisafisha ni mimi. Ukingo wa darubini ulikuwa na damu iliyokauka, na nywele tatu nne za nyusi zimegandia humo. Nikajichekea mpaka nikaweka bunduki chini. Kila fundi bunduki duniani analijua kovu lile. Ukisogeza jicho karibu mno na bunduki yenye teke, darubini inarudi nyuma na kukukata juu ya nyusi, na inaacha mkunjo mdogo, mfano wa kipande cha ukucha kilichokatwa. Chui hakati hivyo. Chui ana makucha manne na hana haja ya kutumia moja.

Nilimwambia dada. Alikuwa anakunja nepi.

"Nimeshajua," akasema. "Nilimwona akinawa. Mwache, mdogo wangu."

"Nimwache na uongo huu?"

"Ukimvua huo atabaki amevaa nini? Niahidi."

Nikamwahidi, kwa sababu ni dada yangu, na kwa sababu nilidhani uongo wenyewe utakufa msimu usiishe. Debe tupu, nikasema, litatika leo, kesho litachoka.

Halikuchoka. Mwaka wa kwanza chui alikuwa anapita zake, akamparura. Mwaka wa pili chui alikuwa anaelekea kibandani. Mtoto alipoanza shule, chui alikuwa ameshafika mlangoni, amesikia kilio cha kichanga, udenda unamtoka, na baba mtu akatupa bunduki kando ili asije akampiga mwanawe kwa bahati mbaya, akamkabili kwa mikono mitupu. Wateja wa magodoro walikuwa wanalala kwenye godoro la majaribio wakisikiliza. Akaanza kujiita Mzee Chui, na mtu akijiita jina kwa bidii watu nao humpa, hasa akiwa na duka. Kambini tu ndiko walikokuwa na jina jingine. Walimwita Bwana Usingizi, kwa sababu ya biashara yake na kwa sababu ya anavyofumba macho akifyatua.

Na teke lilimtesa. Dada alinionyesha koti lake la mawindo, bega la kulia limeshonewa ndani kipande cha godoro, sponji nene nzuri ya dukani, imefunikwa kitambaa isionekane. "Anasema ni ya kubebea mzigo," dada akaniambia, na alikuwa ameishona yeye mwenyewe kwa mkono, mishono midogo midogo. Niliona huruma kwa mishono ile. Kwa mwenye koti sikuona kitu.

Haya yote yangekuwa kichekesho cha ukoo, tungecheka tukazeeka, kama asingekuwapo yule mtoto. Tunamwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na amenyooka, na akiingia mahali hajipindi. Hajipindi kwa yeyote ila kwa baba yake. Kwa baba yake anapinda kama waya wa shaba, na sababu ni lile kovu. Yule bwana aligundua mapema, pengine bila hata kukusudia, kwamba hana haja ya kugombana na binti. Sindano akisema hapana, baba ananyamaza, anainua kidole cha shahada, anagusa juu ya jicho la kulia. Hasemi kitu. Anagusa tu, taratibu, kama mtu anayekumbuka. Na mtoto anainamisha kichwa anasema, "Sawa, baba."

Alipomaliza shule alitaka kuja karakana kwangu kujifunza kazi. Baba akagusa nyusi. Sindano akaenda kubeba magodoro. Nilimwona akivuka barabara na godoro la watu wawili kichwani, shingo imekaza, na baba yake amekaa kaunta anamsimulia mtu habari za udenda. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe unalipenda duka?"

"Silipendi, mama mdogo. Lakini mtu aliyesimama mbele ya chui kwa ajili yangu, nitamnyima mgongo wangu?"

Ahadi ni deni, wanasema, ila hawasemi kwamba mwenye kudai anaweza kuwa muuza magodoro.

Lakini Jumapili duka linafungwa, na Jumapili Sindano alikuwa anakuja kwangu. Nilimpa kazi ya kupaka mafuta, kisha tukawa tunakwenda uwanja wa shabaha, ule ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako mimi ndiye mkaguzi wa silaha. Nikampa ile ya milimita saba, ile ile iliyokataliwa na baba yake. Siku ya kwanza aliitazama, akavuta pumzi, akaiachia nusu, akafyatua, na akakaa vile vile jicho liko wazi akiangalia risasi ilipokwenda. Jicho liko wazi! Nimefundisha wanaume wenye masharubu, nikawapigia makofi, nikawaombea, na hawajawahi kunifanyia hivyo.

Ndipo likatoka tangazo la mashamba makubwa ya mahindi kule bondeni. Ngiri na kulungu walikuwa wanaingia na kumaliza safu kwa safu, na uongozi ukawa unatafuta mlinzi mwenye kulenga. Kazi ya mwaka mzima, nyumba ndogo ya matofali ndani ya shamba, na gari la kuzungukia. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: mwombaji anakuja na bunduki, anapiga risasi tatu kwenye karatasi yenye duara la ukubwa wa kifua cha swala, zote ziingie. Askari wa silaha anakuwapo, na kaliba ya bunduki unayopigia ndiyo inayoandikwa kwenye kibali chako. Ikishaandikwa, mpaka uje kuibadilisha utakuwa umeota mvi kwenye foleni. Nafasi ilikuwa moja. Sindano aliniambia habari hizo akiwa amesimama mlangoni kwangu, hajakaa, mikono haimtulii. Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile.

"Nikiipata, mama mdogo, nitaamka asubuhi nione majani badala ya nailoni."

Shemeji alipopata habari, nilitegemea aguse nyusi na mambo yaishe. Laiti angefanya hivyo. Badala yake alifurahi. Aliona mara moja kwamba sifa itakuwa yake. Akatoa mzinga wake wa nyati kabatini, akaufuta kwa taulo, akauweka juu ya godoro la majaribio.

"Utapigia hii."

"Baba, mimi nimezoea ile ndogo ya mama mdogo."

"Mtoto wa Chui aende mbele ya watu na bunduki ya walimu wastaafu? Watasema nini?"

"Lakini baba, hii ina teke sana, na wanyama wenyewe ni ngiri na kulungu tu."

Kidole kikapanda juu. Kikagusa.

"Sawa, baba," Sindano akasema.

Aliponisimulia, nilifunga karakana mchana kweupe, kufuli zote mbili, nikaenda dukani na aproni yangu ya mafuta. Nilimkuta anamhudumia mteja mmoja mnene aliyekuwa amelala chali kwenye godoro, viatu vimening'inia. Dada yangu alikuwa kaunta anakata kamba.

"Shemeji," nikasema, "unataka mtoto akose kazi?"

"Karibu, shemeji. Vua viatu, kuna godoro jipya."

"Sikuja kulala. Nakuuliza. Ile bunduki hajawahi kuipiga. Risasi ya kwanza itamtoa machozi, ya pili atafumba macho, ya tatu itaenda kwenye matofali. Mpe ile anayoiweza."

Akatabasamu, akamgeukia mteja wake. "Huyu ni shemeji yangu. Anatengeneza bunduki. Fundi cherehani naye hujiona mvaaji." Kisha kwangu: "Wewe kaa na skrubu zako, mama. Habari za porini waachie wenye makovu."

"Makovu gani?" akauliza yule mteja kutoka chini.

Loo, angeulizwa nini tena! Akaanza. Kilio cha kichanga, mlango wa bati, udenda. Nilisimama pale nikihisi ulimi unanivimba mdomoni. Neno moja tu lingetosha. Nikamtazama dada. Alikuwa ameacha kukata kamba, ananitazama kwa macho yale yale ya siku ya nepi. Nikageuka nikatoka, na nyuma yangu nikasikia mteja akisema, "Haki ya Mungu?" na shemeji akijibu, "Unalichukua hilo godoro nikufungie?"

Siku ya jaribio jua lilichomoza na hasira. Msimamizi wa mashamba alikuja na kiti chake cha kukunja na kofia pana. Askari wa silaha alikuwa kijana mtaratibu mwenye peni mbili mfukoni. Alikuwapo mwombaji mwingine mmoja, mtoto wa mwenye bucha, aliyepiga mbili ndani na moja nje, akarudi kukaa kivulini akiwa anaomba kimoyomoyo Sindano naye akose. Dada alikuja amejitanda mtandio. Shemeji alikuja na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi, kwa ajili ya wakubwa. Nikaliona lile shati nikajua: koti lenye sponji limeachwa nyumbani.

Mimi nilikuwa pale kikazi. Nikaukagua mzinga, nikaukuta salama, darubini imekazwa sawasawa, skrubu zote mahali pake. Nalisema hili kwa makusudi, mtaona kwa nini. Nikamwambia Sindano kwa sauti ya chini, "Jicho mbali. Upana wa kiganja." Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka. Gari langu lilikuwa limeegeshwa nyuma yetu, na ndani ya buti niliilaza ile ya milimita saba, sikumwambia mtu.

Sindano akapiga hatua kwenda mezani. Hapo shemeji akainua mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja niwaoneshe wakubwa jinsi inavyopigwa."

Hakuna aliyemwomba. Msimamizi akatazama saa, askari akasema, "Haya mzee, moja tu." Shemeji akakaa mezani, akaegemeza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akaweka shavu. Sasa, macho yake siku hizi yamepungua, na miwani havai, kwa sababu aliyepigana na chui atavaaje miwani? Karatasi ilimpotea. Nikamwona anasogeza uso mbele, kidogo, kidogo tena, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Shemeji, jicho!" nikasema, na kwa kweli nilisema kwa sauti.

"Mimi si mtoto," akasema, na akafumba macho, na akafyatua.

Mlio uliwatoa watu wa matofali kwenye tanuri. Bunduki ikaruka nyuma, ikamkuta, na shemeji yangu akaanguka na kiti chake, miguu juu, shati jeupe linageuka jekundu kuanzia kola. Risasi yenyewe hatujui ilikokwenda mpaka leo.

Sindano alifika wa kwanza. Akapiga magoti, akavua kilemba chake, akamkandamiza baba yake juu ya jicho. Damu ilipopungua akakiondoa kitambaa kuangalia. Askari naye akainama, kijana wa watu, mwema kabisa, hana kisa na mtu.

"Pole sana, mzee," akasema. "Hiyo ni darubini. Hizi bunduki kubwa huwa zinakata watu hapo hapo, kituoni kwetu tunao wawili wana alama hiyo." Akaangalia tena. "Naona na wewe si mara ya kwanza. Hata kovu la zamani ni lile lile, limefunguka juu yake."

Kidonda kipya kilikuwa kimelala juu ya kovu kama mfuniko juu ya sufuria yake. Sindano alilitazama. Akainua macho akaitazama bunduki pale chini, ukingo wa darubini unang'aa damu, na nywele mbili za nyusi zimegandia. Akamtazama mama yake. Dada akavuta mtandio akafunika mdomo, akatazama mchanga. Ilitosha. Nilimwona mtoto yule akikokotoa miaka yake yote, godoro moja baada ya jingine.

"Mwanangu," shemeji akasema kutoka chini, "hiyo darubini haikukazwa..."

Sindano akamwekea mama yake kile kitambaa mkononi. Akasimama, akapangusa magoti.

"Mama mdogo," akasema, "ile ndogo umekuja nayo?"

Sijawahi kufungua buti kwa furaha namna ile. Lakini damu ya baba ilikuwa bado vidoleni, inateleza. Risasi ya kwanza ilikamata ukingo wa duara. Askari alikwenda kuangalia kwa karibu, akarudi akasema imo, kwa huruma ya karatasi. Mtoto wa mwenye bucha akasimama kuona vizuri. Sindano akaishusha bunduki. Akapangusa vidole kwenye suruali yake, anatazama mbele tu. Nilijua hatazami karatasi. Kisha akaiweka begani, akavuta pumzi, akaiachia nusu, jicho wazi, na zile mbili zilizobaki akaziweka katikati, zikigusana.

Askari akaandika milimita saba. Msimamizi akakunja kiti chake akasema aanze Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kwa dada. Sebule ilikuwa imejaa majirani, nusu wamekuja kutoa pole na nusu kutoa hongera, wote wanakunywa chai. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa, bendeji juu ya jicho, uso umevimba na umejaa raha. Nilipoingia alikuwa anaeleza kwamba fundi fulani, hataki kumtaja, aliacha skrubu ya darubini wazi. Akaniona, akakohoa, akageuza usukani bila kupunguza mwendo: kwa kweli yeye alijua tangu mwanzo kwamba ile kubwa haimfai binti. Lakini mtoto hasikii maneno, mtoto husikia mfano. Basi akajitoa mhanga mbele ya watu ili mtoto aone kwa macho yake na achague vizuri. "Mzazi," akawaambia majirani, "ni kuumia." Mama mmoja akatikisa kichwa akasema ni kweli kabisa. Nilitaka kumrushia kikombe, nikakumbuka kikombe ni cha dada.

Sindano alikuwa kwenye mlango wa chumba, begi liko wazi juu ya stuli, anakunja nguo. Anakunja vizuri, magodoro yamemfundisha. Sura yake ilikuwa imetulia na sikuweza kuisoma. Hakuwa amemwuliza mama yake lolote, dada aliniambia jikoni, na dada alikuwa amelia.

Shemeji akasubiri majirani wanyamaze. Akageuza shingo kumtazama binti.

"Hata hivyo, mwanangu, nimewaza," akasema. "Umeonesha uwezo, watu wameona, inatosha. Kule bondeni si mahali pa mtoto wa kike peke yake. Na duka nani atabeba? Jumatatu nitampigia yule msimamizi nimwambie umebadili mawazo."

Sindano akaendelea kukunja shati.

"Sitaki kazi ya dukani tena, baba."

Shemeji hakukasirika. Akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa, akainua kidole cha shahada taratibu, akakipeleka juu ya jicho la kulia, akagusa bendeji.

Dada aliganda na birika mkononi. Mimi nilikuwa namtazama mtoto.

Sindano aliweka shati ndani ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho. Akamtazama baba yake, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemwuguza mgonjwa.

"Usipashikeshike, baba," akasema. "Patachelewa kupona."